Usiku wa Baruti na Sungura wa Uani

Tarehe 1 Januari simu yangu haipumziki. Wenzangu wanageuza pilau, mimi nasikiliza mashitaka. "Dokta, sungura hali." "Dokta, kajibanza nyuma ya pipa tangu usiku, hatoki." "Dokta, kalala ubavu, anahema kwa mdomo." Udokta wenyewe wa kupewa. Nina stashahada ya mifugo niliyoisomea Tengeru, Arusha, kisha nikafanya kazi ya ugani Temeke mpaka nikastaafu. Lakini Dar es Salaam yeyote aliyewahi kumchoma ng'ombe sindano ni dokta, nami sibishani tena.

Zamani simu hizo zilihusu kuku waliokufa kwa kideri na mbuzi waliokula mifuko ya nailoni. Siku hizi sungura wamezidi. Nyumba zetu za Temeke, Mbagala na Yombo zina viuani vidogo. Ng'ombe hatoshi, mbwa anabweka mpaka jirani ananuna, lakini sungura anakaa kimya kwenye banda lake la mbao na waya, anakula mchunga na majani ya viazi vitamu, na watoto wanampenda. Mtoto akishampa jina, habari ya kumtia sufuriani imekwisha. Anakuwa mtu wa nyumbani. Ila mtu huyo wa nyumbani hakuumbiwa sikukuu zetu.

Na Temeke tuna sikukuu! Uwanja wa Benjamin Mkapa uko kwetu, viwanja vya Sabasaba viko kwetu. Agosti, Simba na Yanga wakifanya matamasha yao ya kufungua msimu, vuvuzela na honi za bodaboda zinaanza kabla jua halijakolea. Oktoba au Novemba ikija Diwali, anga ya Upanga na Kisutu inawaka rangi. Krismasi ina spika. Mkesha wa mwaka mpya una kila kitu kwa mpigo: fashifashi, baruti, masufuria yanayogongwa, na matairi yanayochomwa njiani ingawa polisi hutangaza kukataza karibu kila mwaka. Idd mbili husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na pamoja nazo watoto wenye spoku ya baiskeli iliyotiwa unga wa njiti za kiberiti. Ndugu zangu wa Unguja wana nyongeza yao, usiku wa kuamkia 12 Januari, siku ya Mapinduzi. Vigodoro sivihesabu, maana hivyo havina tarehe.

Sisemi sherehe zifutwe. Mimi mwenyewe nikisikia taarabu jirani siwezi kukaa ndani. Nasema tu kwamba mwenye sungura ana kazi ya kufanya kabla ya usiku huo, na kazi hiyo si ile ambayo wengi wanaidhania. Wengi wanahangaika kuzuia kelele. Kelele za mkesha wa mwaka mpya huwezi kuzizuia kwa mlango wa mbao na pazia. Unachoweza kumpa sungura ni vitu vitatu: shimo, hewa, na nyasi.

Anza kwa kujua anasikia nini. Sikio la binadamu huishia kwenye milio yenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La sungura hufika karibu 49,000, na kila sikio linageuka peke yake kutafuta sauti inakotoka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya pua. Fashifashi basi inampata mara mbili: kwanza mwanga wa ghafla kutoka juu, halafu mlipuko. Na kwa mnyama huyu kinachotoka juu ni mwewe.

Hapa lazima nitenganishe wanyama wawili ambao watu huwachanganya. Sungura wa mapori yetu, yule wa hadithi za bibi anayewashinda fisi na simba kwa maneno, hachimbi shimo. Watoto wake huzaliwa juu ya ardhi, wana manyoya na macho yako wazi, na hatari ikija silaha yake ni mbio. Huyu tunayemfuga asili yake ni Hispania na Ureno. Kwao huishi kwa makundi kwenye mashimo marefu, watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba, na hatari ikija haendi mbali: anapiga chini mguu wa nyuma kuwaonya wenzake, kisha wote wanaingia ardhini. Sasa mchukue mnyama huyo, mweke kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa juu ya miguu minne katikati ya ua, saa sita usiku, tarehe 31 Desemba. Mguu anapiga. Shimo halipo.

Wapo wanaoniambia kwa fahari, "Wangu hana woga, kelele zote zile alikuwa katulia tu." Huwa nauliza alitulia vipi. Sungura aliyetulia kweli anajinyoosha, miguu ya nyuma anaitupa pembeni, wengine hujibwaga ubavu ghafla mpaka mwenye nyumba anashtuka. Masikio yamelegea, anajilamba uso, pua inacheza taratibu. Sungura aliyeganda ni mwingine: kajikunyata, mwili mgumu, masikio kayalaza mgongoni, macho yamemtoka, anapumua haraka haraka. Huyo hajatulia hata kidogo. Kuganda ndiyo namna yake ya kujificha pale ambapo hana pa kujificha, akitumaini mwewe hatamwona. Na akichoka kuganda, anaruka.

Kuruka huko ndiko kunakovunja mgongo. Mifupa yote ya sungura haizidi sana asilimia 8 ya uzito wake, wakati ya paka ni kama 13, lakini misuli ya miguu ya nyuma ni mikubwa ajabu. Akirusha teke huku mwili umebanwa, nguvu ile inarudi kwenye uti wa mgongo, karibu na kiuno, na mfupa unakatika. Hahitaji kuanguka wala kupigwa.

Kijana mmoja wa shule alikuja kwangu asubuhi ya mwaka mpya, kabeba katoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Sungura wangu anaburuta miguu ya nyuma. Mjomba alimtoa bandani baruti zilipoanza, akambana kifuani ili asiogope. Akarusha miguu mara moja tu."

Mjomba alikuwa na nia njema. Sungura yule daktari wa wanyama alimlaza usingizi wa mwisho siku hiyo hiyo, maana uti ukishakatika hakuna cha kufunga. Tangu hapo kila ninayemshauri namwambia neno hilo la kwanza: milipuko ikianza, usimtoe alipo, usimbane, usimkumbatie. Kaa chini sakafuni karibu naye kama unataka, ongea kwa sauti yako ya kila siku. Akitaka kukusogelea atakusogelea. Wala usimlaze chali kama wanavyoonyesha kwenye video, eti ukimgeuza tumbo juu anasinzia. Hasinzii. Mnyama anayewindwa akiwa chali na ananyamaza, anadhani ameshakamatwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote.

Wenzetu wa Ulaya wana usiku wao wa fataki. Uingereza ni 5 Novemba, Ujerumani na Uholanzi ni 31 Desemba kama sisi. Huko majira hayo ni ya baridi, na mashirika yao ya kutunza wanyama yanashauri watu wafunike sehemu ya banda kwa blanketi na wajaze matandiko mengi ndani. Kwa Manchester ni ushauri mzuri kabisa. Kijana wa Mbagala anausoma kwenye simu, anatafuta blanketi, na kwa kuwa anampenda sungura wake anaongeza turubai juu, anafunga kwa kamba pande zote nne, analala na amani.

Dar es Salaam mwezi Desemba mchana joto linafika nyuzi 31 au 32, usiku halishuki sana chini ya 25, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hutokea kwenye masikio, ambako mishipa ya damu iko karibu na ngozi, na kidogo kwenye pumzi anayovuta kwa pua. Nyuzi zikivuka 30 anaanza kuteseka hata akiwa kivulini na hana hofu yoyote. Mtie hofu, moyo wake ambao kwa kawaida hupiga mara 180 hadi 300 kwa dakika uende mbio zaidi, kisha mfunike blanketi na turubai. Asubuhi unafunua maiti, na nyumba nzima inasema kafa kwa mshtuko wa baruti. Wengi niliokwenda kuwatazama hawakufa kwa mshtuko. Walikuwa wamelowa mate kidevuni, masikio mekundu, wamelala wamejinyoosha kwenye waya wa mlangoni wakitafuta hewa. Joto ndilo lililowaua, na joto hilo lililetwa na mtu aliyewapenda.

Kwa hiyo Temeke hatufuniki banda. Tunamwingiza sungura ndani, tunampa shimo lake humo humo, na tunaacha hewa ipite.

Namna yenyewe ni hii. Chagua chumba kilicho mbali na barabara: stoo, korido, au chumba cha watoto. Mhamishie humo mapema, Krismasi ikishapita, ili tarehe 31 imkute ameshazoea harufu za pale. Kumhamisha saa tatu usiku wakati mtaa umeshachangamka ni kumwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kama wako wawili na wanapatana, wahamishe pamoja. Sungura hujituliza kwa kugusana ubavu na mwenzake. Na usifue kila kitu. Nyasi alizolalia jana, hata kama kwako zinanuka kidogo, kwake zinamwambia kwamba hapa ni nyumbani.

Kama sakafu ni ya marumaru, tandika mkeka au jamvi kuukuu, kwa sababu miguu ya sungura haina vikanyagio vya ngozi kama ya paka. Ina manyoya mpaka chini, na akikurupuka kwenye marumaru miguu inatawanyika, nyonga inaumia. Juu ya mkeka weka katoni imara, ile ya runinga au ya mafuta ya kupikia, uigeuze mdomo chini, ukate milango miwili, mmoja kila upande. Miwili, si mmoja. Shimo lenye mlango mmoja kwa sungura ni mtego, na wengine hawataliingia kabisa. Liwe pana kiasi cha kujigeuza na kujinyoosha. Jaza nyasi kavu nusu yake. Gharama ya shimo hilo ni bure, nami sijawahi kuona kifaa cha dukani kinachofanya kazi kuliko hilo.

Dirisha liwekee khanga nyepesi ya pamba kuzuia mwanga wa fashifashi, lakini lenyewe liache wazi hewa ipite. Feni ielekeze ukutani, isimpige moja kwa moja. Gandisha chupa mbili za maji kwenye friji, ifunge moja kwa taulo kuukuu, ilaze pembeni mwa katoni. Akisikia joto ataiegemea mwenyewe. Ya pili ibaki kwenye friji, maana umeme nao una desturi ya kusherehekea kwa kukatika. Washa redio ya mazungumzo kwa sauti ya chini tangu jioni, ili ukimya wa chumba usipasuliwe ghafla na mlipuko wa kwanza. Muziki wenye besi nzito usiweke. Yeye anausikia kwa miguu pia.

Halafu piga magoti utazame chumba kwa kimo chake. Waya za feni, chaja za simu, na hasa zile taa ndogo za mti wa Krismasi zinazoning'inia hadi sakafuni, vyote hivyo vitatafunwa. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na mnyama mwenye wasiwasi hutafuna kilicho karibu.

Najua wengi wanaosoma hapa hawana chumba cha ziada. Umepanga chumba kimoja, mwenye nyumba hataki mnyama ndani, na hilo ndilo la kweli kwa nusu ya Temeke. Basi banda libaki uani, ila lisogeze kwenye kona ya kuta mbili, mgongo wake uelekee barabarani. Juu weka mbao au makuti kuzuia mwanga. Upande mmoja ning'iniza gunia la katani ulilolowesha maji, upepo ukipita unapoa. Pande nyingine ziache. Ndani ya banda tia katoni ile ile yenye milango miwili, na kama sakafu ni ya waya, weka ubao chini yake. Miguu ya banda ikalishe juu ya vipande vya tairi au kandambili zilizokwisha. Inasaidia kidogo kupunguza mtetemo wa spika unaopanda kutoka kwenye sementi. Upepo ukivuta moshi wa matairi kuja kwako, mhamishe hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu mapafu yake ni madogo na anapumulia pua peke yake. Sungura anayehema kwa mdomo wazi yuko karibu kufa, hilo si la kusubiri asubuhi.

Tia kufuli. Paka shume hawajali mwaka mpya, mbwa waliokimbia baruti huvamia ua wowote, na wezi wanajua kabisa usiku ule nani yuko kanisani na nani yuko ufukweni Coco.

Ukimkuta amezidiwa na joto, masikio ya moto, amelegea, mpeleke penye kivuli na hewa, yapake masikio yake maji ya kawaida ya bomba, umpe maji ya kunywa karibu, kisha mtafute daktari wa wanyama. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji ya barafu. Mwili uliochemka ukipozwa kwa ghafla hivyo, moyo haustahimili.

Sasa tumbo, maana wale wanaopita salama usiku wa mkesha wengi wao hunipigia simu mchana wake au kesho yake. Chakula cha sungura ni nyasi, na karibu vyote vingine ni nyongeza. Nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo wake, na kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana kuna vijidudu vinavyochachusha chakula saa zote. Hofu ikimpata, mwili unapeleka damu kwenye misuli ya kukimbilia, utumbo unapunguza mwendo. Hali. Asipokula, utumbo unasimama zaidi, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma anazidi kutokula. Kutapika hawezi, hana uwezo huo. Mtu mzima wa sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, na nalisema hili kwa sababu watu wanamfananisha na mbuzi: "Atakula tu kesho, kagoma." Sungura hagomi.

Kwa hiyo tarehe 31 jioni, kabla ya saa moja, mpe fungu kubwa la nyasi: mabingobingo yaliyonyaushwa, ukoka, mchunga aliouzoea. Usimletee jani jipya siku hiyo. Na asubuhi kabla hujamtakia mtu heri ya mwaka mpya, nenda kaangalie kinyesi. Sungura mzima mwenye afya hutoa vidonge 200 hadi 300 kwa siku, vya mviringo, vya ukubwa mmoja. Ukikuta vingi na vikubwa, nenda kanywe chai. Ukikuta vichache, vidogo, vikavu, au hakuna kabisa, na mwenyewe kajikunyata anasaga meno kwa nguvu, masikio ya baridi, hapo ni kwa daktari wa wanyama, sikukuu au si sikukuu.

Nasisitiza daktari wa wanyama kwa sababu watu hukimbilia duka la dawa la mtaani. Kapsuli za amoksilini ambazo wewe umezinywa mara nyingi zinaua sungura: zinafyeka vile vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vinachukua nafasi, mnyama anaharisha na kufa. Wengine humpa piritoni kabla ya sherehe ili alale. Dozi ya kitu hicho kwa mnyama wa kilo 2 utaipima na nini jikoni kwako? Dawa ya kumtuliza ipo, lakini huandikwa na daktari aliyempima.

Wageni ni sura nyingine. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone; sungura angeulizwa angekuwa na lake la kusema. Watoto wa shangazi wanamtilia keki, biskuti na punje za wali wa pilau kwenye waya. Mmoja anamletea majani ya mparachichi kwa sababu ni ya kijani, na hayo yana sumu kwake. Mwingine anamnyanyua kwa masikio, jambo ambalo hata watu wazima hulifanya sokoni, na ni kumtesa tu. Sungura hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika makalio, akiegemea mwili wako. Naye babu aliyetoka kijijini atauliza kwa sauti huyu mnyama mnene mnamsubirisha nini, watoto waanze kulia. Dawa ya yote hayo ni mlango uliofungwa, na mtu mzima mmoja mwenye ufunguo.

Mwenye jike la kuzaa ana hesabu ya ziada. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Ukimpandisha tarehe 1 Desemba, unamwandalia uzazi wa tarehe 1 Januari, katikati ya moshi na milipuko. Jike aliyeshtushwa huweza kukanyaga watoto wake kiotani, kuwatawanya, au kuwaacha. Ukiweza, mwache apumzike Novemba yote na Desemba, umpandishe Januari baada ya mambo kutulia. Kama tayari ana watoto, usihamishe kiota. Sogeza banda zima pamoja na kiota chake. Jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa hiyo kumkuta mbali na watoto mchana si kuwatelekeza. Kinachokwambia ni matumbo yao. Asubuhi yakiwa ya duara na watoto wamelala kimya kwa joto, alikuja. Yakiwa yamesinyaa na ngozi imekunjamana, hakuja, na una siku hiyo hiyo tu ya kuwasaidia.

Baada ya sherehe usimrudishe uani mara moja. Mitaani baruti zilizobaki hulipuliwa siku mbili tatu zaidi, na Unguja kuna ile ya Mapinduzi inayofuata. Mwache ndani, mpe nyasi, mchunguze ulaji na kinyesi mpaka uone amerudia kujinyoosha sakafuni na kujibwaga ubavu.

Kila Desemba naulizwa pia na wazazi wapate wapi sungura mzuri wa kumpa mtoto zawadi ya Krismasi. Mnyama aliyetolewa kwa mama yake wiki hiyo, akafika nyumba asiyoijua, yenye wageni asiowajua, siku chache kabla ya mkesha, anapata mambo yote mabaya ya mwaka kwa pamoja. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 hadi 12, hivyo hakuna haraka. Sikukuu hii mjengeeni banda, mwanao akate mwenyewe milango miwili ya katoni, ajifunze kuutambua mchunga na ukoka. Sungura mwenyewe mleteni Februari.